Gigabaiti Zilizokosa Anwani

Fungua ukurasa wa maelezo ya mfumo kwenye kompyuta yenye Windows 7 ya biti 32 na RAM ya GB 4. Mara nyingi utakuta namba mbili kwenye mstari mmoja: iliyofungwa GB 4.00, inayotumika GB 3.25 au karibu na hapo. Robo tatu hiyo ya gigabaiti imezua ugomvi mwingi kati ya wateja na mafundi. Mteja anaamini kauziwa kijiti kibovu cha RAM. Fundi asiyejua sababu anakichomoa, anasugua meno ya kijiti kwa kifutio, anakirudisha, na namba inabaki ileile. Kijiti ni kizima. Kilichokosekana ni anwani.

Kila baiti ndani ya RAM ina namba yake, na prosesa ikitaka kusoma au kuandika kitu ni lazima iitaje namba hiyo. Prosesa ya biti 32, kama Intel 80386 iliyotoka mwaka 1985, huiandika kwa tarakimu 32 za sifuri na moja. Mbili kwa kipeo cha 32 ni 4,294,967,296, yaani GB 4 kamili. Namba zinaishia hapo.

Namba zote hizo zingekuwa za RAM, GB 4 zingeenea bila shida. Lakini kadi ya picha, kadi ya mtandao na chipu yenye programu ya kuwashia kompyuta, yaani BIOS, nazo huitwa kwa anwani. Kila kimoja hupewa fungu lake, na prosesa ikiandika kwenye fungu hilo, ujumbe unakwenda kwa kifaa, hauendi kwenye RAM. Ukipima mji wa viwanja 4,000, ukatenga 750 kwa shule, soko na barabara, kisha zikaja familia 4,000, familia 750 zitakosa pa kujenga ingawa hazina kosa lolote.

Mafungu ya vifaa hukaa juu kabisa, karibu na ukomo wa GB 4, na hilo lina sababu yake. Prosesa ya ukoo huu ikipata umeme, amri ya kwanza kabisa huisoma kwenye anwani iliyo baiti 16 tu chini ya ukomo huo. Wakati huo RAM haina kitu ndani yake. Kwa hiyo ni lazima chipu ya BIOS iwe pale ikingoja, la sivyo kompyuta haiwaki. Chini yake hufuata vifaa vingine. Mipangilio ya PCI Express, njia inayounganisha kadi na bodi, peke yake inaweza kuchukua MB 256, na kadi ya picha ikaomba MB 256 nyingine au zaidi. Jumlisha, na robo tatu ya gigabaiti haiko mbali. Mark Russinovich, mhandisi wa Microsoft, alieleza mwaka 2008 kuhusu kompyuta yake ya michezo iliyokuwa na RAM ya GB 4 na kadi mbili za picha za GB 1 kila moja. Windows ya biti 32 iliona GB 2.2 tu.

Jambo hili lilikwisha kutokea kabla. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na anwani za MB 1. Wabunifu wake waliipa RAM KB 640 za chini, na KB 384 za juu wakazitenga kwa ajili ya skrini na BIOS. Kwa mashine iliyoanza kuuzwa na KB 16, nafasi hiyo ilionekana haitajaa kamwe. Miaka michache baadaye waandishi wa programu walikuwa wakihangaika kwa kila aina ya ujanja kuivuka KB 640. Ramani iligawanywa kwa mtindo uleule, vifaa juu na RAM chini, na wanunuzi wa RAM ndio waliobeba hasara.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba njia ya kutoka kwenye ukomo wa GB 4 ilikuwepo. Tangu Pentium Pro ya mwaka 1995, prosesa za Intel ziliweza kutumia anwani za biti 36, zinazotosha GB 64. Windows Server 2003 Datacenter ya biti 32 ilizitumia. Windows XP na Vista za mezani zilizuiwa zisipite anwani ya GB 4. Maelezo ya Microsoft yana uzito: draiva nyingi za kadi za picha na sauti ziliandikwa kana kwamba anwani kubwa kuliko hiyo haipo, na zilipokutana nayo kompyuta iliganda au kukataa kuwaka. Naukubali uamuzi huo. Siukubali ukimya wa wauzaji walioendelea kubandika “4 GB” kwenye boksi la mashine yenye mfumo wa biti 32.

Mfumo wa biti 64 huondoa ukomo huo, lakini si kila mara. Laptopu za ThinkPad T60 zilizokuja na Core 2 Duo zina prosesa ya biti 64 kamili na nafasi mbili za vijiti vya GB 2. Hata ukiweka mfumo wa biti 64, utaona GB 3 hivi. Safari hii kizuizi ni chipu ya 945 ya Intel iliyo katikati ya prosesa na RAM, kwani anwani zake zinaishia GB 4. Bodi zilizofuata zilipata uwezo wa kuhamishia juu ya GB 4 ile RAM iliyofunikwa na vifaa. Katika baadhi yake uwezo huo huwashwa kwa mkono ndani ya BIOS, na wengi hawajawahi kuingia humo. Anayenunua kompyuta iliyotumika akitaka kuiongezea RAM, ajue kwanza chipu ya bodi inafika wapi, ndipo alipie kijiti.

Kuna pia mipaka ya kibiashara tu. Windows 7 Home Basic, toleo lililouzwa katika nchi zinazoendelea, iliishia GB 8 hata ikiwa ya biti 64, wakati Professional ilifika GB 192. Hapo hakuna anwani iliyopungua. Mwenye pesa kidogo aliwekewa ukuta.

Na leo? Laptopu mpya ya prosesa ya Ryzen yenye GB 8 inaweza kuonyesha GB 5.9 tu. Hizo nyingine zina anwani na zinafanya kazi: sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, hivyo hukatiwa GB 2 za RAM tangu kompyuta inapowaka. Kiasi kilichokatwa huonekana kwenye Task Manager, chini ya mchoro wa RAM, na laptopu nyingine huruhusu kukipunguza ndani ya BIOS. Anayeandika barua na kufanya hesabu tu anaweza kukipunguza hadi MB 512 na asione tofauti yoyote kwenye skrini.