Soko la magari-nyumba New Zealand: bei ya baridi yashuka, gharama zasubiri njiani

Miezi ya Juni hadi Septemba ni ya baridi huko New Zealand, na kwa makampuni yanayokodisha magari-nyumba ni miezi ya biashara kulegea. Gari-nyumba ni gari lenye kitanda na jiko ndani, na mara nyingi choo, ambalo mtalii hulikodi kwa siku na kulala humo badala ya hotelini. Kati ya Desemba na Februari magari hayo hugombewa. Baridi ikiingia hupangwa uani, na bei ya siku hushuka sana.

Viwanja vya kuteleza kwenye theluji, ambako watu huvaa mbao za skii miguuni, hufungua milango katika miezi hiyo hiyo. Kutokana na hali hiyo imepata wateja safari ya namna ya pekee: siku moja kutembea kwa miguu kando ya ziwa, siku ya pili skii, na gari ndiyo nyumba.

Eneo linalofaa zaidi kwa safari hiyo ni bonde la Mackenzie katika Kisiwa cha Kusini. Kutoka Christchurch hadi mji mdogo wa Tekapo ni takribani kilomita 225 za barabara ya lami, na magari hupita upande wa kushoto kama Kenya na Tanzania. Maziwa matatu, Tekapo, Pukaki na Ohau, yamepangana kutoka mashariki kwenda magharibi. Maji yake ni ya buluu iliyochanganyika na weupe, kwa sababu barafu ya milimani husaga mawe kuwa unga laini unaoelea ndani yake. Ziwa Tekapo ni chanzo cha umeme vilevile. Wakati wa baridi umeme hutumika zaidi na theluji ya juu haijayeyuka, hivyo kina cha maji hushuka. Mtembeaji wa Agosti hukuta ufuko mpana wa mawe ya kijivu, tofauti kidogo na picha za vitabu vya matangazo.

Kila ziwa halina budi kutazamwa pamoja na mlima ulio karibu nalo. Roundhill iko juu ya Tekapo, ina miteremko mipana ya wanaoanza kujifunza, pamoja na kamba ya kuwavuta watelezaji inayotajwa kuwa ndefu kuliko zote za aina yake duniani. Mt Dobson iko kati ya Fairlie na Tekapo. Ohau ina kiwanja chake juu ya ziwa la jina hilo. Fox Peak, karibu na Fairlie, ni mali ya klabu, na kazi nyingi hufanywa na wanachama kwa kujitolea. Tiketi za viwanja hivi ni nafuu kuliko za viwanja vikubwa vya Queenstown na Wanaka.

Unafuu huo una sababu yake. Kiwanja kidogo hutegemea zaidi theluji ya mbinguni, kwa kuwa mitambo ya kutengeneza theluji ni ghali. Theluji isipoanguka, mapato hakuna. Hata wakubwa hawakusalimika: kampuni iliyoendesha viwanja viwili vya Mlima Ruapehu, Kisiwa cha Kaskazini, iliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni Oktoba 2022, baada ya vizuizi vya ugonjwa wa korona na msimu mbaya wa theluji. Kwa mwenye kiwanja kidogo, mteja wa gari-nyumba ana faida moja juu ya yule wa hoteli, kwamba hakufungwa na chumba alicholipia mji mwingine. Anaweza kungoja siku mbili ziwani mpaka theluji ianguke.

Hata hivyo mteja huyo huenda asifike mlimani kwa gari lake, na hapa ndipo wengi wanapopata hasara. Barabara za kupandia viwanjani ni za changarawe, nyembamba na zenye barafu asubuhi. Baadhi ya mikataba ya kukodi hukataza kuzipita, au husema bima haitalipa ajali itokeayo huko. Mteja akipuuza na gari likaserereka, fidia ni yake peke yake. Kwa sababu hiyo bei ya siku iliyoshushwa haisemi kitu mpaka iongezwe nauli ya gari dogo la kupandisha abiria, pale linapopatikana. Penye kiwanja kisicho na usafiri huo, msafiri hubaki kutazama mlima kutoka chini.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Nchini New Zealand dizeli haitozwi kodi ya barabara kwenye pampu. Mwenye gari hulipa kwa kilomita. Kiwango cha gari dogo la dizeli kilikuwa dola 76 za nchi hiyo kwa kilomita 1,000 mwaka 2024. Safari ya kilomita 800 ni kama dola 61, na makampuni mengi huidai gari linaporudishwa, mteja akidhani amemaliza kulipa. Isitoshe, dizeli iliyonunuliwa pwani inaweza kuganda kwenye baridi ya Mackenzie. Wazoefu hufika Fairlie au Tekapo tangi likiwa karibu tupu, wakajaza dizeli ya milimani.

Kulala bure kando ya ziwa si rahisi kama zamani. Sheria ya 2011 iliruhusu halmashauri kuweka mipaka, na ile ya 2023 ikaagiza kuwa gari linalohesabiwa kujitosheleza liwe na choo kilichofungwa humo moja kwa moja, si cha kubebeka. Magari madogo ya bei ya chini ndiyo yaliyoguswa zaidi. Usiku wa baridi kali, baadhi ya wenye magari hulazimika kulipia uwanja wenye umeme ili hita ifanye kazi.

Wageni wengi, isipokuwa wa Australia na visiwa vya Pasifiki, hulipa pia ada ya utalii kabla ya kuingia nchini. Ilianza Julai 2019 kwa dola 35, ikapandishwa hadi 100 Oktoba 2024. Familia ya watu wanne hutoa dola 400 kabla haijaona ziwa.