Mafunzo kwa Vitendo ya Wanafunzi wa Sayansi ya Mazingira na Fundisho Lake kwa Mwalimu

Vyuo vikuu vyetu vinapofunga kwa likizo ndefu, wanafunzi wanaosomea sayansi ya mazingira hupelekwa kufanya kazi nje ya chuo kwa majuma kadhaa, mara nyingi manane. Wengine huenda katika halmashauri za wilaya, wengine katika bodi za maji za mabonde kama ile ya Wami/Ruvu, na wengine viwandani au katika hifadhi za misitu. Mwalimu mwanafunzi aweza kuuliza: jambo hili latuhusu nini sisi tunaojiandaa kufundisha shule za msingi? Latuhusu kwa njia mbili. Kwanza, vijana hao hufika vijijini, na huenda siku moja wakabisha hodi katika shule utakayopangiwa. Pili, mambo yanayofanikisha au kuharibu mafunzo yao ndiyo yale yale yanayofanikisha au kuharibu somo la mazingira katika darasa letu.

Nguzo tatu za mafunzo haya

Mafunzo kwa vitendo husimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni kazi halisi, yaani kazi ambayo matokeo yake yanahitajiwa na mtu fulani. Ya pili ni usimamizi: mwanafunzi huwa na msimamizi mahali pa kazi, na mhadhiri wake humtembelea ili kumkagua. Ya tatu ni daftari la kumbukumbu, ambamo huandika kila siku alichofanya, alichopima na alichojifunza, na kutokana na daftari hilo huandaa taarifa yake ya mwisho.

Bila shaka mwalimu mwanafunzi anazitambua nguzo hizi. Ni zile zile za mazoezi ya kufundisha: darasa lenye watoto wanaohitaji kujua, mkufunzi anayeketi nyuma ya darasa, na andalio la somo lenye nafasi ya tathmini.

Nguzo moja ikikosekana, jengo huinama. Mwanafunzi asiyepewa kazi halisi hushinda ofisini akipanga majalada, na hurudi chuoni akiwa na barua nzuri bila ujuzi. Hatari iliyo kubwa zaidi humpata yule asiyesimamiwa. Huyo huacha kupima, kisha usiku wa mwisho hujaza daftari kwa tarakimu za kubuni. Tarakimu hizo zikitumiwa kupanga kisima, bwawa au shamba la kijiji, watakaoumia ni wanakijiji.

Mfano wa mmomonyoko wa udongo

Tuchukue mfano mmoja ili tuone jinsi kipimo kidogo kinavyobeba jambo kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uppsala nchini Uswidi, walichunguza udongo uliokuwa ukijaa katika mabwawa kadhaa, yakiwamo ya Ikowa na Matumbulu mkoani Dodoma na la Kisongo karibu na Arusha. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1972. Zilionyesha kwamba udongo unaotoka mashambani na malishoni huyafupishia mabwawa umri wake. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika sana la Kondoa.

Mwanafunzi anayetumwa leo kupima mmomonyoko aweza kutumia njia rahisi ya vigingi. Vyuma vyembamba hukitwa ardhini kwenye mteremko, na urefu unaobaki juu ya udongo hupimwa kwa milimita. Baada ya mvua kadhaa hupimwa tena. Kigingi kikirefuka, udongo umechukuliwa. Kikifupika, udongo umeletwa na kutuama hapo. Upungufu wa milimita 1 waonekana si kitu, lakini katika hekta 1 ni meta za ujazo 10 za udongo, ambazo kwa kawaida huzidi tani 10.

Jinsi ya kuifundisha njia hii darasani

Mwalimu wa Darasa la Tano au la Sita aweza kuitumia njia hii katika uwanja wa shule kwa hatua zifuatazo:

(1) Anza na swali linalotokana na mahali penyewe. Kwa nini mizizi ya mwembe ule imeanza kuonekana? Waache wanafunzi watoe mawazo yao kabla ya kupima.

(2) Chagua sehemu mbili zenye mteremko unaofanana, moja yenye nyasi na nyingine tupu. Kita vigingi vitano katika kila sehemu, mbali na mahali wanapochezea watoto. Tumia vigingi vyenye vichwa butu.

(3) Pima mvua pia. Kopo lenye kuta zilizonyooka lafaa. Lisomwe kila siku saa 3 asubuhi na kumwagwa. Wanafunzi wafahamu kwamba mvua ya milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila meta ya mraba.

(4) Kila kikundi kiwe na daftari lenye tarehe, saa, kipimo na jina la aliyepima. Anayepata sifuri aandike sifuri. Kigingi kilichofupika kisiachwe kwa sababu tu kinapingana na matarajio ya mwalimu.

(5) Baada ya majuma sita, wanafunzi watafute wastani wa kila sehemu, wachore jedwali ubaoni na kujibu lile swali la kwanza.

Hatua ya nne ndiyo inayohitaji ulezi mkubwa. Mtoto akiona mwalimu anafurahia tarakimu nzuri kuliko tarakimu ya kweli, atajifunza kubuni, na desturi hiyo ataibeba hadi chuo kikuu.

Mgeni wa chuo kikuu afikapo shuleni

Mwanafunzi wa mazingira akiomba msaada wa shule yako, mpeleke kwanza kwa mwalimu mkuu akiwa na barua yake ya utambulisho. Kisha mkubaliane mambo matatu. Awaeleze watoto, kwa lugha wanayoifahamu, anapima nini na kwa nini. Asiwafanye wabebaji wa maji na vyombo tu, bali wapime na waandike pamoja naye. Mwisho, aache shuleni nakala ya matokeo kabla ya kuondoka.

Sharti hili la mwisho husahauliwa mno. Kijiji hutoa njia, muda na maelezo, kisha taarifa hufungiwa kabatini chuoni. Nakala ikibaki shuleni, mwalimu atakuwa na zana ya kufundishia isiyopatikana katika kitabu chochote: vipimo vya udongo wa hapo hapo, ambavyo darasa la mwaka ujao laweza kuvilinganisha na vyake. Na serikali ya kijiji, ikiviona, itakuwa na jambo la kujadili kabla mteremko haujawa korongo.