Nini Kinachonyonya Betri ya Gari Usiku?

Gari la wagonjwa haliitwi kwa ratiba. Simu ya 115 inapopigwa saa nane usiku kwa ajili ya mama mjamzito aliyepata matatizo, dereva hutarajiwa kuwasha injini na kuondoka papo hapo, awe wa gari la Halmashauri au dereva wa jamii aliyesajiliwa katika mfumo wa m-mama. Betri ikiwa imeisha, kinachobaki ni kuamsha majirani waje kusukuma, na gari la gia otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Ndiyo maana makala hii inaeleza hitilafu ambayo madereva wengi wameizoea badala ya kuitafutia chanzo: gari lililoegeshwa jioni likiwa zima, asubuhi betri haina nguvu hata ya kupiga honi.

Tiba zilizozoeleka ni mbili. Moja ni kununua betri mpya, ambayo nayo hunyonywa vilevile, na betri inayoishiwa kabisa mara kwa mara hufa kabla ya wakati wake. Nyingine ni kulegeza kichwa cha waya wa hasi kila jioni na kukirudisha asubuhi. Kwa gari la shambani hilo huvumilika. Kwa gari la dharura halifai, kwa sababu dereva atatumia dakika za mgonjwa kutafuta spana gizani.

Kwanza ijulikane kama betri yenyewe ni nzima. Ichajiwe hadi ijae, iachwe itulie kwa saa chache, kisha ipimwe kwa mita ya mafundi umeme: iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6. Waya wa hasi uondolewe na betri ilale hivyo usiku kucha. Ikiamka na volti zilezile au pungufu kidogo tu, betri inatunza umeme na kosa limo garini. Ikishuka hadi 12.2 au chini ya hapo ilhali haikuunganishwa na chochote, imechoka. Hapo ndipo kununua mpya kunapokuwa na maana. Altaneta nayo ikaguliwe: injini ikiwa inanguruma, volti kwenye betri ziwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Zikiwa pungufu ya hapo, huenda hakuna kinachonyonya usiku, bali betri haikujazwa mchana.

Si kila umeme unaotoka gari likiwa zima ni hitilafu. Saa, kumbukumbu ya redio, alamu na kompyuta za gari hutumia kidogo, na kwa kawaida jumla yake haizidi miliampea 50. Kwa usiku wa saa 12, hiyo ni ampea-saa 0.6 tu katika betri ya ampea-saa 60 au 70. Balbu ya ndani ya wati 5 ikisahauliwa huchukua kama ampea-saa 5, kiasi ambacho betri iliyochakaa itakihisi na iliyo nzima itakihimili. Basi betri nzima ikiishiwa kabisa kwa usiku mmoja, panatafutwa kitu kikubwa kinachovuta ampea kadhaa: taa kubwa, rilei iliyoganda na kuacha feni au plagi za kupasha injini ya dizeli zikifanya kazi, au friji ndogo. Hesabu hii ya dakika moja humwepusha fundi na kubomoa dashibodi bure.

Kupima kwenyewe hufanywa hivi. Ufunguo utolewe na uwekwe mbali na gari, kila kitu kizimwe. Boneti na mlango wa dereva vibaki wazi, lakini vitasa vyake visukumwe kwa bisibisi hadi vijifunge, ili gari lidhani limefungwa. Mita iwekwe kwenye kipimo cha ampea 10, na waya wake mwekundu uchomekwe katika tundu la ampea. Waya wa hasi wa gari utenganishwe na betri, kisha mita iunganishwe kati ya waya huo na kichwa cha hasi cha betri. Ni marufuku kupiga stata mita ikiwa hapo, kwani itaungua. Halafu isubiriwe nusu saa. Wengi hukosea hapa kwa haraka: kompyuta za magari ya sasa huchelewa kulala, na namba inayoonekana mwanzoni hudanganya.

Namba ikibaki juu baada ya hapo, fyuzi zichomolewe moja moja, kila moja ikirudishwa kabla ya kugusa nyingine. Ile ambayo ikitoka namba inaanguka ndiyo inayoonyesha njia yenye tatizo. Mchoro ulio kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi hutaja vitu vilivyo kwenye njia hiyo. Navyo vitenganishwe kimoja kimoja hadi mhusika apatikane.

Zipo nyakati fyuzi zote huisha kuchomolewa na namba isitikisike. Huenda diodi za altaneta zimeharibika na umeme unarudi kupitia waya wake mnene. Lakini katika magari ya huduma, sisi tungeanza na vilivyoongezwa baada ya gari kununuliwa, kwa kuwa mara nyingi huungwa moja kwa moja kwenye betri: redio ya mawasiliano, king'ora, taa za kimulimuli, kifaa cha kufuatilia mwenendo wa gari, na hasa inveta. Inveta iliyoachwa imewashwa hula umeme hata kama hakuna kilichochomekwa.

Dereva wa gari la umma asichomoe fyuzi wala waya mwenyewe. Apime volti jioni na asubuhi, azirekodi katika daftari la gari kwa siku tatu, na amkabidhi Afisa Usafirishaji ili gari lipelekwe TEMESA likiwa na maelezo hayo. Fundi atajua aanzie wapi. Na kifaa chochote kitakachoongezwa garini kiwekewe fyuzi yake pamoja na swichi ambayo dereva anaifikia akiwa kitini.