Kufuta Kache au Kubatilisha Kache?

Wanafunzi wanaotafsiri matini za kompyuta hukutana na dhana ya kubatilisha kache, na wengi huandika "kufuta kache". Makala haya yanaeleza tofauti ya vitenzi hivyo viwili.

Kache ni nakala ya data inayowekwa karibu ili programu isirudi kila mara kwenye hifadhidata. Tovuti yenye wageni wengi huendeshwa na michakato kadhaa kwa pamoja, na kila mchakato huweza kuwa na nakala yake. Bei ikibadilishwa, mchakato uliopokea badiliko hilo hufuta nakala yake. Mingine haina habari. Hivyo mteja akifungua ukurasa huona bei mpya, na akiufungua tena huona ya zamani.

Tuchukue mfano. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika sarafu yake: kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1. Tuwafikirie wachuuzi watatu wa samaki huko Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, kila mmoja akiwa na bei kichwani. Habari ikimfikia mmoja tu, yeye atataja hamsini na wenzake elfu hamsini. Hakuna anayedanganya, ila mnunuzi aliyevuka ziwa kutoka Kongo hajui amwamini nani.

Benki Kuu ya Zambia haikutegemea tangazo peke yake. Kwanza, iliweka ukomo: noti za zamani zilitumika sokoni hadi tarehe 30 Juni 2013. Pili, katika miezi hiyo sita bei mpya zilitambulishwa kwa alama ya KR. Wanaprogramu nao huipa nakala muda wa kuisha, au namba ya toleo. Aidha, huweza kuitumia michakato yote ujumbe, ingawa ujumbe huweza kupotea. Au kuweka kache moja ya pamoja, kama Memcached iliyoanza mwaka 2003, ingawa huwa ya polepole kuliko kumbukumbu ya mchakato wenyewe.

Kwa hiyo, kufuta ni kuondoa nakala mahali ilipo. Kubatilisha, kutokana na "batili", ni kuiondolea nguvu popote ilipo, hata kama bado ipo. Noti kuukuu yaweza kubaki mfukoni ikiwa nzima, lakini sokoni hainunui samaki. Mfasiri akiandika "kufuta", fundi anayemsoma atasafisha mchakato mmoja na kudhani kazi imekwisha.