Intaneti Imepotea: Imepotelea Wapi?

Wenzangu katika chama wamekuandalia mashairi na ngonjera. Mimi nimeona nikueleze jambo linalosumbua karibu kila ofisi ndogo yenye kompyuta tatu nne na ruta moja ukutani.

"Intaneti imepotea!" Mara tu maneno haya yasemwapo, mtu wa kwanza huzima ruta na kuiwasha, wa pili huipigia kampuni simu kwa hasira, na wa tatu huenda zake kunywa chai. Kwa maoni yangu huyu wa tatu ndiye afadhali, maana hajaharibu kitu.

Tatizo ni kwamba maneno hayo mawili yana maana nyingi. Safari ya kutoka kwenye kompyuta yako hadi nje ina vituo: kompyuta yenyewe, waya au waifai, swichi, ruta, laini ya kampuni, kisha nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Usikisie. Uliza: nimefika kituo kipi, na nimekwama wapi?

Swali la kwanza ni rahisi mno, lakini watu hulisahau. Je, ni kompyuta moja iliyokwama au ni zote? Kama ni moja tu, mbona unailaumu kampuni? Tazama taa ndogo pale waya unapoingia. Ikiwa haiwaki, waya umechomoka au umekatika ndani. Waya huo una nyuzi 8 zilizosokotwa katika jozi 4, na ukikanyagwa kila siku na magurudumu ya kiti, uzi mmoja hukatika bila ganda la nje kuonyesha alama yoyote. Jaribu waya mwingine ulio mzima.

Taa ikiwaka, soma anwani. Kwenye kompyuta za Windows fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, andika ipconfig. Kila kompyuta hupewa anwani ya nambari na ruta, kwa mfano 192.168.1.15. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ujue kompyuta iliomba anwani, ikakosa wa kuijibu, ikajipa yenyewe. Hapo hujafika hata kwenye ruta.

Sasa bisha hodi. Amri ya kubisha ni ping, iliyotungwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi wa Desemba 1983. Aliiita hivyo kwa sababu ya ile sauti ambayo nyambizi hutoa ili isikilize mwangwi wake. Bisha kwa ruta kwanza, kisha bisha mbali, kwa 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, elekeza macho yako kwenye ruta na laini ya kampuni. Zote mbili zikijibu na kurasa bado hazifunguki, yaelekea aliyelala ni mfumo wa majina, DNS, ule unaogeuza jina la tovuti kuwa nambari. Njia iko, ila hakuna wa kukuambia nyumba ya fulani ni ipi.

Niliona faida ya utaratibu huu Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, tukiwa likizo fupi. Shangazi yangu ana ofisi ndogo ya kuwajazia watu ritani za kodi, na mwisho wa kujaza ulikuwa tarehe 30. Foleni ilifika mlangoni. Kulikuwa na mzee mmoja aliyerudishwa nyumbani jana yake, akalipa nauli mara ya pili. Intaneti ilikuwa inacheza: kompyuta hii inashika, ile inakataa, halafu zinabadilishana. Kampuni ilikuwa imepigiwa simu mara tatu, na kila mara ikasema laini ni nzima.

"Wewe mtoto, usiniguzie kitu hapo, watu wanangoja!"

"Siguzi, Shangazi. Nasoma tu."

Nikasoma. Kompyuta inayofanya kazi ilikuwa na 192.168.1.12. Iliyokataa ilikuwa na 192.168.0.5. Ofisi moja, ukoo mbili za anwani! Kumbe wiki hiyo jamaa fulani alikuwa amemuuzia ruta ya pili ili waifai ifike chumba cha nyuma, akaiunganisha bila kuizuia kugawa anwani. Basi ruta mbili zikawa zinagawa. Kompyuta ikiwaka huomba anwani, na hupokea kwa yule anayejibu kwanza. Ikijibiwa na ruta ya pili, inapeleka ujumbe wake wote huko, na ruta hiyo haina njia ya kutoka nje. Ndiyo maana kuzima na kuwasha kulikuwa "kunasaidia" mara nyingine: ni bahati nasibu tu! Tulichomoa ruta ya pili, tukaziwasha kompyuta upya, na yule mzee akahudumiwa kabla ya saa sita. Jioni tuliirudisha, ikiwa imezimwa ugawaji wa anwani.

Usisahau pia saa. Betri ndogo ndani ya kompyuta kuukuu ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na tovuti zenye ulinzi hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vinaonekana bado havijaanza kutumika.

Si kwamba kosa haliwi mbali kamwe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya kujikokota Kenya, Tanzania na kwingineko. Siku kama hiyo hata ukibadilisha waya zote ofisini hutapata kitu.

Ukilazimika kuipigia kampuni, usiseme tu "haifanyi". Sema: "Kompyuta zote zimekwama tangu saa tatu, ruta inajibu, 8.8.8.8 haijibu, na taa ya laini ni nyekundu." Atakayepokea simu hatakuwa na haja ya kukwambia uzime ruta na kuiwasha.