Saa ya Babu Iliyoliwa na Kutu: Je, Yafaa Kuichovya?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba usiku na mchana, Akaujaalia mwendo wa jua na mwezi uwe hesabu kwa waja Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika nyumba nyingi za Waislamu, Moshi mjini na huko migombani kuanzia Machame hadi Rombo, hukutwa sandukuni saa ya mkono ya marehemu baba au babu. Ni saa ya kutia ufunguo, iliyonunuliwa zamani kwa fedha ya kahawa. Ganda lake limetoboka vishimo, limeota kutu ya kijani, na mng'aro wake umebambuka. Watoto wa marehemu huulizana: itupwe, iuzwe, au ipelekwe kwa fundi ikachovywe, irudi kuwa mpya? Twaona suala hili lafaa kujibiwa kwa urefu, kwani ndani yake mna ufundi, mna usalama wa mwili, na mna hukumu ya dini.

SAA NA SALA

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Nisaa, aya ya 103, kwamba sala ni faradhi iliyowekewa nyakati zake. Wazee wetu walizijua nyakati hizo kwa kivuli na kwa rangi ya mbingu. Lakini huku mlimani, zinapoingia mvua za masika kati ya Machi na Mei, mawingu na ukungu huweza kulificha jua kutwa nzima. Kivuli hakionekani, wala kuchwa kwa jua hakujulikani. Ndiyo maana saa ikapata heshima katika nyumba zetu, hata kabla ya simu kuja kutuonyesha wakati.

Na saa nayo yataka elimu. Saa za Afrika ya Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo wa 45, nao wapita mbali mashariki yetu, nchini Somalia. Moshi iko karibu na longitudo ya 37 na theluthi. Kwa sababu hiyo jua huchelewa kutufikia utosini: mwanzoni mwa Novemba hupinduka yapata saa 6 na dakika 14 mchana, na kabla ya katikati ya Februari yapata saa 6 na dakika 45. Mwenye kuadhini Adhuhuri saa 6 kamili, mwezi wowote, ameadhini kabla ya wakati.

KUTU YATOKA WAPI?

Maganda mengi ya saa za zamani, yasiyokuwa ya chuma kisichoshika kutu, yalifanywa kwa shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Kisha yalivikwa nikeli na kromu, au dhahabu. Vazi hilo ni jembamba mno. Saa nyingi za Uswisi zilizovikwa dhahabu zimepigwa chapa ya mikroni 10 au 20, na mikroni moja ni sehemu moja katika elfu ya milimita.

Jasho la mkono lina chumvi. Likipenya katika ufa wa vazi hilo, hukuta madini mawili yasiyolingana, nayo hugeuka betri ndogo. Katika betri hiyo madini yaliyo duni ndiyo yanayoliwa. Basi shaba huyeyuka chembe kwa chembe chini ya vazi lake, na mwenye saa haoni neno mpaka siku vazi lenyewe litakapobambuka.

Na hapa twatoa faida kwa wasomaji wetu. Mwenye kutawadha na saa mkononi bila ya kuivua wala kuisogeza, huenda maji yasifike chini ya mkanda wake, na mahali hapo ni katika mkono unaopasa kuoshwa. Tena maji hayo hubaki saani yakisaidiana na jasho. Kuivua kabla ya udhu huhifadhi udhu na huhifadhi saa.

NAMNA YA KUCHOVYA

Wengi hudhani kuchovya ni kutumbukiza chombo katika dhahabu iliyoyeyushwa. Sivyo. Hapo zamani masonara walichanganya dhahabu na zebaki, wakaipaka juu ya chombo, kisha wakakitia moto hata zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Mvuke wake ulikuwa sumu, ukawadhuru mafundi. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia aliitangaza betri yake. Mwaka 1805 Luigi Brugnatelli, naye wa Italia, akaitumia betri hiyo kuvika dhahabu juu ya medali za fedha. Mwaka 1840 jamaa wa Elkington wa Birmingham, Uingereza, wakapewa hataza, na tangu hapo kazi hiyo ikawa biashara kubwa.

Kazi yenyewe huwa hivi. Hutengenezwa maji yaliyoyeyushwa chumvi ya madini yanayotakiwa. Ganda la saa hufungwa kwenye waya wa hasi, na bamba la madini hufungwa kwenye waya wa chanya. Umeme ukipita, chembe huondoka bambani, nyingine hutoka majini, zikaganda juu ya saa. Msomaji ataona kuwa umeme wa fundi unarudisha kile ambacho umeme wa jasho ulikitoa.

Lakini saa iliyoliwa sana ina hatua zake. Kwanza hutolewa mashine, uso, mishale na kioo, likabaki ganda tupu. Pili huondolewa vazi la zamani na kutu yote mpaka ionekane shaba safi. Tatu hujazwa vile vishimo, ama kwa kulehemu kwa fedha, ama kwa kuvika shaba nyekundu katika maji ya mrututu na tindikali. Wakulima wetu wa kahawa wanaujua mrututu, kwani dawa za shaba ndizo wanazopulizia mibuni kuikinga na kutu ya majani. Kazi hii ni ya polepole: mkondo wa ampea moja ukipita saa nzima huleta gramu 1 na kidogo tu ya shaba, na ganda dogo la saa halistahimili hata mkondo huo. Hivyo hapana budi kuvika, kupiga msasa, na kuvika tena, hata sura isawazike.

Nne, ganda huoshwa mafuta yote, maana hata alama ya kidole hulizuia vazi lisishike. Tano huvikwa nikeli, na juu yake kromu au dhahabu. Nikeli haiachwi peke yake upande wa ngozi, kwa sababu watu wengi huwasha ikiwagusa.

Fundi mwenye pupa huruka hatua ya pili na ya tatu. Hupiga msasa juu juu, akachovya juu ya kutu, na saa ikatoka inameremeta kama ya dukani. Lakini kutu ingali hai chini yake, na baada ya muda vazi hilo huvimba likabambuka.

MAMBO YA HATARI

Kazi hii haifai kufanywa jikoni wala chumbani penye watoto. Maji ya kuchovyea dhahabu na fedha aghalabu huwa na sayanaidi, sumu inayoua upesi. Nayo ikikutana na tindikali hutoa hewa inayoua kwa kuvutwa tu. Maji ya kromu aghalabu huwa na kromu ya aina inayoleta saratani. Hata anayejaribu kwa siki, chumvi na betri ya tochi hupata maji ya nikeli yaliyo sumu, na hayafai kumwagwa mferejini unaokwenda kunywesha migomba na mifugo ya jirani. Kumdhuru jirani ni dhambi, ijapokuwa nia ilikuwa ni kung'arisha saa.

Tena kuna hatari iliyojificha usoni mwa saa. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya kumalizika miaka ya 1960, ambazo tarakimu zake ziliwaka gizani, zilipakwa rangi yenye radiamu. Katika miaka ya 1910 na 1920 wasichana wa viwanda vya Marekani waliochonga ncha za brashi zao kwa midomo walipatwa na maradhi ya mifupa, na baadhi yao wakafa. Mwangaza huo huzimika, lakini radiamu haiishi. Nusu ya nguvu yake huondoka kwa miaka 1600. Basi uso wa namna hiyo usikwanguliwe wala kupulizwa, wala mtoto asipewe kuchezea.

HUKUMU YA SHERIA

Dhahabu ni halali kwa wanawake wa umma huu kujipamba, na ni haramu kwa wanaume. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kitendo chenyewe cha kumchovyea mwanamume chombo chake kwa dhahabu hakijuzu, iwe nyingi au kidogo. Ama kukitumia kilichokwisha kuchovywa, wanavyuoni wametazama: kama kikitiwa moto yatapatikana madini ya kukusanywa, ni haramu, kama hapatikani kitu, yajuzu. Vazi la mikroni 20 juu ya ganda la sentimita 10 za mraba lina karibu gramu 0.4 ya dhahabu, wala hicho si kitu cha kupuuzwa. Kwa hiyo saa ya babu itakayovaliwa na mjukuu wa kiume na ivikwe nikeli na kromu, na moyo utatulia.

Jambo la pili ni kuuza. Mtume s.a.w. alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta unyevu chini ya nafaka kavu. Alimkataza yule mwuzaji kuuficha, akaeleza kuwa mwenye kudanganya si katika wafuasi wake. Saa iliyochovywa juu ya kutu ni rundo lile lile. Anayeiuza, Mbuyuni au Kiboriloni au kwa ndugu yake, ni wajibu wake kutaja kuwa ni ya kuchovya, na kutaja aibu iliyo chini. Wala tusisahau kwamba Sura ya Mutaffifin, iliyoanza kwa kuwatisha wenye kupunja vipimo, ndiyo hiyo inayotaja katika aya ya 14 kutu iliyozifunika nyoyo kwa yale waliyoyachuma.

Jambo la tatu ni mirathi. Saa ya marehemu ni mali ya warithi wote mpaka igawanywe. Asiichukue mmoja akaichovya au akaiuza bila ya ridhaa ya wenziwe, wakiwamo dada zake na mjane.

Rai yetu ni hii. Aanze fundi saa kuitazama mashine. Kama ni nzima, saa hiyo yastahili kugharimiwa. Ganda likiwa na vishimo tu, lisafishwe na kujazwa kwa ukweli, kisha livikwe. Likiwa limetoboka, heri mashine ihamishiwe ganda jingine, na lile la zamani lihifadhiwe lilivyo. Na nyuma ya saa, pakiwa pameandikwa jina la marehemu, pasipigwe msasa, kwani herufi zikifutika hakuna umeme wa kuzirudisha.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, na atutakase nyoyo zetu na kila kutu. Amin. Wallahu aalam.