Kondoo Wako Mzima Anaweza Kuua Mnyama Pori

Mifugo ikichanganyika na wanyamapori, tumezoea kumlaumu nyumbu au nyati. Leo tuangalie upande wa pili: sisi tunawapelekea nini?

Milima ya magharibi mwa Marekani ina kondoo pori wanaoitwa bighorn, wenye pembe nene zilizojikunja. Kinachowamaliza sana ni bakteria aitwaye Mycoplasma ovipneumoniae, anayeishi puani mwa kondoo na mbuzi wa kufugwa. Kondoo wako anaweza kumbeba huku anakula na kunenepa kama kawaida. Akigusana pua na kondoo pori, homa ya mapafu inapita kundi zima. Wakubwa wanakufa, na baadhi ya majike waliopona wanaendelea kuambukiza watoto wao miaka inayofuata. Kundi halikui tena. Chanjo ya kuwakinga hakuna.

Kinachobaki ni kutenganisha. Wafugaji wa kule wanashauriwa hivi:

- Hesabu kondoo mara kwa mara. Aliyepotea atafutwe haraka.
- Mchungaji na mbwa wakae na kundi, hata usiku.
- Usichungie karibu na makazi ya kondoo pori. Msimu wa kupandana, dume pori hutembea mbali kutafuta majike.
- Ukiona wamechanganyika, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Hili linagusa mfuko pia. Mwaka 2010, kwenye msitu wa Payette, Idaho, serikali iliamua kupunguza sana maeneo ya kuchungia kondoo ili kuwalinda bighorn. Mfugaji akikosa malisho, biashara inayumba.

Kwetu hatuna kondoo pori, ila tuna sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008. Usiseme ni ya zizini tu. Kule Mongolia ilitoka kwenye mifugo ikaua maelfu ya swala aina ya saiga, 2016 hadi 2017.

Afadhali sisi chanjo tunayo, na dozi moja inakinga takriban miaka 3. Kwa hiyo kijana, chanja kundi lote. Mnyama uliyemnunua mnadani mtenge wiki 3 kabla hajaingia zizini. Kama unafugia jirani na hifadhi, usinyweshe pamoja na wanyamapori. Ukiona machozi, makamasi, vidonda mdomoni na kuhara, usikimbilie kuuza: mwite daktari wa mifugo kwanza.